Kirai Kihusishi cha Kiingereza Kimeshikamana na Nini?

Chukua tangazo la kazi la sentensi moja: "We need a teacher of young children with experience." Mwenye uzoefu hapo ni nani, mwalimu au watoto? Akili inatuambia ni mwalimu, lakini sarufi ya sentensi yenyewe haikati shauri. Sasa liandike kwa Kiswahili: "Tunahitaji mwalimu wa watoto wadogo mwenye uzoefu." Utata umekwisha, kwa sababu ukitaka uzoefu uwe wa watoto itakubidi useme "wenye uzoefu". Upatanisho wa kisarufi unamrudisha msomaji moja kwa moja kwa mhusika. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo. "With experience" inakaa mwishoni mwa sentensi bila alama yoyote ya mwenyewe, na kazi ya kumtafuta anaachiwa msomaji.

Fungu la maneno kama hilo wanasarufi wetu wanaliita kirai kihusishi: kihusishi kinatangulia, kisha inafuata nomino au kiwakilishi pamoja na vyote vinavyoandamana nacho. "In the morning", "at the bank", "with her". Kirai hicho huweza kueleza nomino, kitenzi au kivumishi, na katika Kiingereza cha kuandikwa hakuna aya inayokwenda mbali bila ya kukihitaji. Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, kilikusanya takriban maneno milioni moja kutoka katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1961. Yalipohesabiwa, maneno sita yaliyoongoza kwa kutumika yalikuwa "the", "of", "and", "to", "a" na "in". "Of" ilikuwa ya pili.

Wingi huo una historia. Kiingereza cha kale kilikuwa na miishio ya nomino iliyoonyesha nani ametenda, nani ametendewa na kitu ni cha nani. Miishio hiyo ilififia karne baada ya karne, kabla na baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na sehemu kubwa ya kazi yake ikachukuliwa na vihusishi pamoja na mpangilio wa maneno. Sisi kazi hiyo tumeigawa kwingine. Tunasema "yuko sokoni", "anakwenda sokoni", "anatoka sokoni". Nomino haibadiliki hata kidogo, kitenzi ndicho kinachobeba habari ya mwelekeo. Mwingereza atahitaji "at the market", "to the market" na "from the market". Vivyo hivyo "mwandikie mama": kauli ya kutendea imebeba kila kitu, na muktadha unamalizia. Kwa Kiingereza lazima uchague. "Write to your mother" maana yake barua inakwenda kwa mama. "Write for your mother" yaweza kuwa mama hawezi kushika kalamu, nawe unamwandikia barua ya kwenda kwa mtu mwingine.

Ndiyo maana mtu anayetafuta kihusishi kimoja cha Kiingereza cha kusimama badala ya "katika", na kingine badala ya "kwa", anajitesa bure. Afadhali aanze na picha iliyo ndani ya neno lenyewe. "At" inaonyesha nukta, "on" inaonyesha uso wa kitu, "in" inaonyesha ndani ya mipaka, jirani kabisa na "mo" yetu ya "yumo". Kwenye wakati picha hiyo inapanuka: saa ni "at", siku ni "on", mwezi na mwaka ni "in". Lakini haifiki kila mahali. Mtu yumo "in a car" ila akipanda basi yuko "on a bus". Waingereza husema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend". Mambo hayo hukaririwa tu, kirai kizima kwa mara moja.

Kosa ninaloliona sana katika barua na ripoti za Afrika Mashariki lina chanzo kinachoelezeka. Tunaandika "We discussed about the budget", "She emphasised on hygiene", "I am requesting for leave". Vihusishi hivyo havikutoka hewani. Nomino za maneno hayohayo zinavitaka kweli: "a discussion about the budget", "an emphasis on hygiene", "a request for leave". Tumechukua tabia ya nomino tukaipa kitenzi chake, ambacho kwa Kiingereza sanifu hupokea yambwa bila mpatanishi: "We discussed the budget." Ukishaliona hilo, makosa mengi yanajirekebisha yenyewe.

Hata hivyo, kihusishi kilichokosewa mara nyingi hakimpotezi msomaji. Anayesoma "discussed about" anaelewa. Kirai kilichowekwa mahali pabaya ndicho kinacholeta hasara. Tazama: "The driver reported the accident to the police on Friday." Ijumaa ni siku ya ajali au siku ya kuripoti? Anayeshughulikia bima atataka kujua. Ikiwa ni siku ya kuripoti, kitangulize kirai: "On Friday the driver reported the accident to the police." Ikiwa ni siku ya ajali, kiweke kando ya ajali: "The driver reported Friday's accident to the police." Lile tangazo la kazi nalo linaponywa kwa njia hiyohiyo: "We need an experienced teacher of young children."

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinatupa faida, nasi hatuitumii. Wengi huandika "The list of names are on the table" kwa kuwa "names" iko karibu na kitenzi. Mswahili hawezi kusema "orodha ya majina yako mezani" akimaanisha orodha. Atasema "iko", kwa sababu anajua kichwa cha kirai ni orodha. Ujuzi huohuo uende kwenye Kiingereza: "The list of names is on the table."

Maofisini tatizo ni virai kurundikana. "With regard to the matter of payment in respect of the month of June" ina virai sita vilivyofungamana, na yote hiyo ni "About the June payment". George Orwell aliyalalamikia mafungu ya aina hiyo katika insha yake ya 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, na Ernest Gowers akawaandikia watumishi wa serikali ya Uingereza kitabu cha Plain Words, kilichotoka 1948. Barua zetu nyingi za serikali bado zinakihitaji kitabu hicho.

Ama katazo la kumaliza sentensi kwa kihusishi, liache. John Dryden aliikemea tabia hiyo mwaka 1672, walimu wakaibeba hoja yake, lakini H. W. Fowler aliiita ushirikina katika kamusi yake ya matumizi ya 1926. "The officer I spoke to" ni Kiingereza safi.

Basi nunua kamusi ya wanaojifunza, siyo ile ya kueleza maana tu. A. S. Hornby na wenzake walitoa kamusi ya aina hiyo huko Japani mwaka 1942, na kutoka hapo ikazaliwa ile ya Oxford inayouzwa mpaka leo. Ndani yake kitenzi, nomino au kivumishi kinachotaka kihusishi huandikwa pamoja nacho, na mfano wa sentensi. Fungua "discuss", kisha fungua "discussion", ulinganishe kabla hujatuma barua yako.