Mpeasi Usiozaa Utazamwe Kwanza Kabla ya Kukatwa

Katika milima ya Usambara, hasa pande za Lushoto na Soni, na vile vile Njombe, na huko Limuru katika nchi ya Kenya, nyumba nyingi zina mpeasi mmoja au miwili nyuma ya jiko. Twasema mpeasi wa mapeasi hasa, si ule mti wa maparachichi ambao watu wengine zamani waliuita mpea. Mti huu haulelewi kwa mwaka mmoja. Uliobebeshwa huchukua miaka minne hata sita kabla ya kuzaa vizuri, na uliotoka katika mbegu huweza kukaa miaka kumi. Basi mtu akiukata kwa hasira ya msimu mmoja amepoteza kazi ya miaka mingi, pamoja na fedha ambayo ingalinunua madaftari ya watoto. Na mingi katika mipeasi inayoshitakiwa kwa ugonjwa haina ugonjwa wowote.

Kwanza yafaa kujua asili yake. Mpeasi ni mti wa nchi za baridi kali, ambako hupukutisha majani yote ukalala miezi kadhaa. Aina nyingi za Ulaya zataka mamia ya saa za baridi iliyo chini ya digrii 7 za sentigredi ndipo ziamke vema. Milima yetu haina baridi ya namna hiyo. Kwa hiyo mti haupati usingizi wake, na mwenyewe huona matawi marefu yaliyo matupu, yenye fungu la majani nchani tu, na maua yanayotokea moja leo na jingine mwezi ujao. Dawa ya ukungu haitausaidia mti huo. Afadhali kutafuta aina inayoridhika na baridi kidogo, kama ile iitwayo Kieffer, iliyopatikana karibu na Philadelphia katika Marekani katika karne ya 19 kwa kuchanganyika peasi la Ulaya na la China. Nyama yake ina chembe kama mchanga. Watu wengine hudhani ni kasoro, walakini ndivyo ilivyo tangu asili. Huko Batu, katika kisiwa cha Java, wakulima wa matofaa huyapukuta majani yote kwa mikono baada ya mavuno ili kuuamsha mti, na mwenye mpeasi aweza kulijaribu jambo hilo katika tawi moja au mawili.

Sababu ya pili ni upweke. Ua la mpeasi kwa kawaida lataka unga wa ua la mpeasi wa aina nyingine, na nyuki ndio wachukuzi. Tena asali ya ua hili ina sukari kidogo, hivyo nyuki wakipata maua mengine karibu huupita mpeasi. Mti mmoja uliotengwa na wenzake waweza kutoa maua meupe tele usishike hata tunda moja. Si lazima kupanda mti wa pili: mtu aweza kubebesha tawi la aina nyingine juu ya mti ule ule.

Sababu ya tatu ni kisu. Mpeasi huzaa juu ya vijiti vifupi vilivyo katika matawi yenye umri wa miaka miwili na zaidi. Anayeukatakata kila mwaka ili uonekane safi (na bustani za shule zina sifa hii) huviondoa vijiti hivyo, na mti humjibu kwa maotea marefu yaendayo juu kama fimbo, yasiyo na tunda. Yaache makali. Chukua tawi changa, liinamishe polepole mpaka likaribie kulala, ulifunge kwa kamba na mambo; tawi lililoinama hupunguza kurefuka likaanza kuzaa. Chipukizi litokalo chini ya mahali pa kubebeshea likatwe daima, maana hilo ni la shina la mwitu.

Ikiwa hayo yote si sababu, ndipo tuutafute ugonjwa, na tuanzie chini. Chimbua udongo penye shina, ubandue kipande kidogo cha gome. Ukiona utando mweupe kama karatasi kati ya gome na mti, wenye harufu ya uyoga, mti umeshikwa na ukungu wa mizizi uitwao Armillaria. Huu hukaa katika visiki vya msitu uliofyekwa na kutambaa chini ya ardhi toka mzizi hata mzizi. Hapa shoka lina haki. Mti ung'olewe na mizizi yake yote, ichomwe moto pale pale, wala pasipandwe mti mwingine wa matunda kwa miaka kadhaa.

Kuvu ya kijivu iliyoshika gome katika nchi ya ukungu wa asubuhi si kitu; wengi huikwangua bure.

Majani na matunda yakiwa na madoa meusi kama masizi, na ngozi ya tunda ikipasuka, huo ni upele wa mapeasi. Huenea wakati majani yanapokaa na maji muda mrefu, na hujificha katika majani yaliyoanguka. Yakusanywe yazikwe, na katikati ya mti pafunguliwe kidogo upepo upite. Dawa yake ni ya zamani, na ingali yafaa. Mwaka 1882, huko Médoc karibu na Bordeaux nchini Ufaransa, mtaalamu aitwaye Millardet aliona ya kuwa mizabibu ya kando ya njia imebaki na majani, hali mingine imepukutika kwa ukungu. Wenye mashamba walikuwa wameirushia mrututu na chokaa ili wapita njia wadhani ni sumu wasiibe zabibu. Alilichunguza jambo hilo, na mwaka 1885 akaitangaza dawa.

Kwa debe la lita 20 chukua gramu 200 za mrututu na gramu 200 za chokaa iliyozimwa. Yeyusha mrututu katika nusu ya maji, ndani ya chombo cha plastiki au cha udongo, si cha chuma wala bati. Chokaa ikoroge katika nusu ya pili, uichuje, kisha mimina mrututu ndani yake polepole huku ukikoroga. Tumbukiza kisu kinachong'aa dakika moja: kikitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa. Dawa itumiwe siku ile ile, macho ya mti yanapovimba na kabla maua hayajafunguka. Ikipigwa juu ya matunda machanga huyakwaruza ngozi. Funika uso na mikono, weka watoto mbali, wala usioshee vyombo mtoni, maana mrututu huua samaki.

Matunda yenye funza, yaliyochomwa na nzi wa matunda, yaokotwe kila siku na kuzikwa chini sana, urefu wa nusu mita.

Limebaki lalamiko moja, kwamba mapeasi yanaoza moyo yakiwa bado mtini. Peasi la Ulaya huiva kuanzia ndani, na likingojewa mpaka lilainike mtini, moyo wake huwa umekwisha kuwa kahawia. Lichumwe lingali gumu. Liinue kwa kiganja mpaka lilale sawasawa. Kikonyo kikiachana na tawi bila kuvutwa, wakati wake umefika. Lilazwe ndani ya nyumba penye kivuli siku chache, na kila asubuhi libonyezwe kwa kidole karibu na kikonyo. Hapo pakilegea, laliwa.