Yeye Yupi? Viwakilishi vya Kiingereza

Umekwisha kujua kusoma na kuandika Kiswahili. Sasa umeanza kujifunza Kiingereza kidogo kidogo. Katika somo hili tutaangalia maneno mafupi ya Kiingereza ambayo watu wengi huyaruka wanaposoma. Maneno hayo huitwa viwakilishi. Ni mafupi, lakini ukiyakosea unaweza kumpa mtu dawa ya mwenzake. Sisemi hivi kwa kukutisha. Jambo hili nusura litokee kwa mwanafunzi wa darasa letu.

Karatasi ya dawa

Mama mmoja wa darasa letu ana watoto mapacha, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Watoto wote wawili waliugua malaria. Baba yao aliwapeleka zahanati, akarudi nao jioni, na alfajiri yeye akasafiri. Alimwachia mama bahasha moja ya vidonge na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Karatasi ilisema hivi:

"Both children have malaria. She takes three tablets, morning and evening. He takes two. Keep them in a dry place."

Mama akamwita kijana wa jirani aliyemaliza darasa la saba ili amsomee. Kijana akasoma, kisha akatafsiri: "Watoto wote wawili wana malaria. Yeye ameze vidonge vitatu, asubuhi na jioni. Yeye ameze viwili. Waweke mahali pakavu."

Mama akauliza: "Yeye yupi, mwanangu?"

Kijana akatazama tena karatasi. Akajibu: "Imeandikwa yeye tu, mama."

Mama hakutaka kubahatisha. Alichukua karatasi, akaenda zahanati kwa miguu. Muuguzi akamweleza kuwa watoto walipimwa uzito. Yule wa kike ni mzito kuliko ndugu yake, kwa hiyo vidonge vyake ni vitatu. Wa kiume ni viwili. Tena, vitu vya kuwekwa mahali pakavu si watoto, ni vidonge.

Ndugu msomaji, usiige kiasi hicho cha dawa. Kila mgonjwa hupimwa na kupewa kiasi chake. Lakini jifunze jambo moja: jibu la mama lilikuwamo katika karatasi ile ile. Kijana alisoma maneno yote, ila hakujua kazi ya viwakilishi.

1. Kiwakilishi ni nini?

Kiwakilishi ni neno linalosimama badala ya jina. Tukisema, "Asha analima. Asha anapanda. Asha anapalilia," masikio yanachoka. Kwa hiyo tunasema, "Asha analima, anapanda, anapalilia." Ile "a" ndogo mwanzoni mwa kitendo inatosha kumtaja Asha.

Kiingereza hakina "a" hiyo. Hutumia neno zima, tena hulitanguliza mbele ya kitendo: "She digs. She plants." Usiache neno hilo. Ukisema "Plants" peke yake, msikilizaji hatajua ni nani anayepanda.

2. Viwakilishi vya nafsi

Hivi ndivyo vinavyotumika zaidi. Visome kwa sauti:

I: mimi
you: wewe
he: yeye, wa kiume
she: yeye, wa kike
it: kitu kimoja, au mnyama
we: sisi
you: ninyi
they: wao, au vitu vingi

Kumbuka mambo manne.

Kwanza, "I" huandikwa kwa herufi kubwa siku zote, hata katikati ya sentensi.

Pili, "you" ni mtu mmoja, na "you" ni watu wengi. Zamani Waingereza walikuwa na neno "thou" kwa mtu mmoja, lakini wameliacha katika mazungumzo ya kawaida. Siku hizi mtoto husema "you" kwa mwenzake, na pia kwa mzee. Si utovu wa adabu. Ndiyo lugha yao.

Tatu, Kiingereza hutenganisha "he" na "she". Kiswahili hakitenganishi. Sisi tunasema "yeye" kwa mama na kwa baba. Kwa hiyo unapotafsiri "he" au "she", usiseme "yeye" tu kama kuna watu wawili. Sema "huyu wa kiume" au "huyu wa kike", au mtaje kwa jina.

Nne, hapa Kiswahili ndicho kinachokizidi Kiingereza. Sisi tukisema "waweke", tunajua ni watu. Tukisema "viweke", tunajua ni vitu kama vidonge au vikombe. Tukisema "yaweke", huenda ni maembe. Kiingereza husema "them" kwa vyote hivyo. Ukikutana na "they" au "them", rudi nyuma katika maandishi, utafute jina linalofaa.

3. Mtenda na mtendwa

Katika Kiswahili tunasema "ninamwona" na "ananiona". Sehemu ndogo ndani ya neno zinabadilika, na tunajua nani anamwona nani. Katika Kiingereza kiwakilishi chenyewe hubadilika. Kikiwa mtenda hukaa mbele ya kitendo. Kikiwa mtendwa hukaa nyuma yake.

I huwa me
he huwa him
she huwa her
we huwa us
they huwa them

"You" na "it" hazibadiliki.

Tazama mfano huu: "She helps him." Mwanamke anamsaidia mwanamume. Sasa geuza: "He helps her." Mwanamume anamsaidia mwanamke. Usiseme "Him helps she." Mwingereza atashindwa kujua nani amesaidiwa.

Baada ya maneno kama "to", "for" na "with" tunatumia pia umbo la mtendwa: "Give it to me." Maana yake: nipe.

4. Viwakilishi vya kumiliki

Hivi huonyesha mali ni ya nani:

mine: yangu
yours: yako, yenu
his: yake, mwenye mali ni wa kiume
hers: yake, mwenye mali ni wa kike
ours: yetu
theirs: yao

Katika Kiswahili tunafuata kitu kinachomilikiwa: jembe langu, kiti changu, nyumba yangu. Katika Kiingereza hawafuati kitu. Wanamfuata mwenye kitu. Jembe ni "mine", kiti ni "mine", nyumba ni "mine".

Hapa tena uwe macho. Sentensi "The farm is his" na sentensi "The farm is hers" zote mbili kwa Kiswahili ni "Shamba ni lake". Lakini katika Kiingereza shamba la kwanza ni la mwanamume, na la pili ni la mwanamke. Mume na mke wakisomewa karatasi ya namna hiyo, herufi chache tu ndizo zinazosema shamba ni la nani. Usitie kidole gumba wala sahihi kabla ya kuelezwa vizuri.

Jina la kitu likitajwa, maneno haya hubadilika kidogo: my, your, his, her, its, our, their. Tunasema "This is my hoe", yaani hili ni jembe langu. Lakini jina likiachwa tunasema "This is mine."

5. Viwakilishi vya kuonyesha

Ni vinne tu. Kitu kikiwa karibu tunasema "this". Vikiwa vingi tunasema "these". Kitu kikiwa mbali tunasema "that". Vikiwa vingi tunasema "those".

"This is sugar. That is salt." Hii ni sukari. Ile ni chumvi.

6. Viwakilishi vya kuuliza na vya kurejesha

Tukiuliza juu ya mtu tunasema "who": "Who is sick?" Nani mgonjwa? Tukiuliza juu ya kitu tunasema "what": "What is this?" Hiki ni nini? Tukitaka mtu achague tunasema "which": "Which is yours?" Kipi ni chako? Tukiuliza mwenye mali tunasema "whose": "Whose is this?" Hiki ni cha nani?

Maneno "who" na "which" yana kazi ya pili. Hurejea jina lililokwisha kutajwa, kama vile sisi tunavyosema "ambaye" na "ambacho". Mtu hurejewa kwa "who": "The nurse who weighed the children", yaani muuguzi aliyewapima watoto uzito. Kitu hurejewa kwa "which" au "that": "The paper which he left", yaani karatasi aliyoiacha.

7. Viwakilishi vya kujirejea

Katika Kiswahili tuna "ji": amejikata, tumejisaidia wenyewe. Katika Kiingereza kazi hiyo hufanywa na maneno haya: myself, yourself, himself, herself, itself, ourselves, yourselves, themselves.

Linganisha sentensi hizi mbili:

"He cut himself." Amejikata.
"He cut him." Amemkata mwingine.

Unaona tofauti? Katika sentensi ya kwanza kuna mtu mmoja na ajali yake. Katika ya pili kuna watu wawili, na huenda kuna kesi. Tofauti yote imo katika herufi nne za mwisho.

8. Viwakilishi vya mtu asiyetajwa

Wakati mwingine hatumjui mtu, au hatutaki kumtaja. Tunasema "somebody", yaani mtu fulani. Tunasema "everybody", yaani kila mtu. Tunasema "nobody", yaani hakuna mtu.

"Everybody" huhesabiwa kama mtu mmoja: "Everybody is here." Na "nobody" lina kukanusha ndani yake. Tunasema "Nobody came", yaani hakuna aliyekuja. Usiongeze "not".

Kama hatujui mtu huyo ni wa kike au wa kiume, Waingereza husema "they" au "their", ingawa mtu ni mmoja: "Somebody left their hoe." Mtu ameacha jembe lake. Kwa hiyo usidhani kila "they" ni watu wengi.

Turudi kwenye karatasi

Sasa soma tena karatasi ya mama mwenye mapacha. Weka kidole chini ya kila kiwakilishi.

"She" ni mtoto wa kike. Anameza vitatu. "He" ni mtoto wa kiume. Anameza viwili. "Them" ni vidonge, kwa sababu watoto hawawekwi mahali pakavu. Karatasi iliyomtembeza mama wakati watoto wanaungua homa nyumbani, wewe umeisoma bila kuinuka kitini.

Zoezi

Soma sentensi hizi. Jibu kwa Kiswahili.

1. "Juma and Asha have a goat. It is hers." Mbuzi ni wa nani?
2. "She called him." Nani ameita?
3. "The boy burnt himself." Nani amemuunguza mvulana?
4. "The cups are dirty. Wash them." Nioshe nini?
5. "My son and my daughter are sick. He can eat. She cannot." Nani hawezi kula?

Majibu: 1. Asha. 2. Mwanamke. 3. Amejiunguza mwenyewe. 4. Vikombe. 5. Binti.

Kama umekosa, usikate tamaa. Rudi kwenye sehemu inayohusika, usome tena pamoja na mwenzako.

Mwisho, ndugu msomaji, nakuomba ushike desturi ya mama yule. Hakuwa amesoma Kiingereza kama kijana aliyemsomea, lakini aliuliza swali lililo sahihi. Ukiletewa karatasi yoyote ya Kiingereza, iwe ya dawa, ya mkopo au ya shamba, isome polepole. Kila ukifika kwenye kiwakilishi, simama, ujiulize: yeye yupi? Kipi hicho? Cha nani? Usipopata jibu, muulize aliyeiandika. Kuuliza si aibu.