Picha Safi, Kifua Bado Kinabana

Mtu akikohoa usiku, akabanwa kifua na kusikia mluzi kila anapotoa pumzi, ndugu na majirani humshauri akapigwe picha. Kwa mkazi wa Busoga, mashariki mwa Uganda, hiyo ni safari ya Jinja. Kwa wa Bugisu, ni ya Mbale, maana ndiko ziliko hospitali za rufaa za kanda. Imani hiyo ina msingi. Tangu Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, picha ya kifua imefichua maradhi mengi ambayo sikio na mkono wa daktari havikuyafikia. Hata hivyo, nashikilia kwamba kazi ya picha kwa mgonjwa wa namna hii ni kusaka magonjwa yanayofanana na pumu. Pumu yenyewe hutambuliwa kwa njia nyingine, na tusipozitenganisha kazi hizo mbili, wagonjwa wengi watarudi nyumbani na picha safi huku kifua bado kinabana.

Sababu iko katika jinsi eksirei inavyofanya kazi. Miale hupenya kwa urahisi penye hewa na kuzuiliwa na mfupa, nyama, usaha au maji. Ndiyo maana nimonia hutokea kama doa jeupe, moyo uliotanuka huonekana umbo lake, na kifua kikuu mara nyingi huacha vivuli au mashimo sehemu ya juu ya pafu. Pumu haiachi alama ya aina hiyo. Kuta za mirija midogo ya hewa huvimba, misuli yake hukaza, makamasi huziba njia. Kisha hali hulegea, wakati mwingine siku hiyohiyo. Kwenye shambulio kali mapafu yaweza kuonekana yamejaa hewa kupita kiasi, lakini wagonjwa wengi wa pumu picha zao ni za kawaida kabisa. Kinachoitambulisha ni maelezo ya mgonjwa pamoja na kipimo cha pumzi. Pasipo na spirometa, mashine kamili ya kupima pumzi, kifaa kidogo cha mkononi hutosha kuanzia: mgonjwa hupuliza kwa nguvu, huvuta dawa ya salbutamoli inayolegeza mirija, husubiri kama robo saa, kisha hupuliza tena. Kasi ya pumzi ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, dalili zikiwa za pumu, daktari amepata ushahidi ambao picha isingempa.

Nchini Uganda jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa asilimia 11 hivi ya watu wa miaka 12 na zaidi wana pumu. Mwaka 2013, watafiti wa Hospitali ya Mulago walichapisha matokeo ya watoto 614 wa chini ya miaka mitano waliofika wakikohoa na kupumua kwa shida: wawili hivi kati ya kila watano walikuwa na dalili za pumu, na wachache tu kati yao waliwahi kuambiwa hivyo. Mtoto wa aina hiyo akiitwa mgonjwa wa nimonia kila mara, hupewa antibayotiki mara kwa mara, na mirija yake inabaki imevimba.

Kuna pingamizi zito. Uganda ina kifua kikuu kingi. Je, si salama zaidi kumpiga picha kila anayekohoa? Kwa kifua kikuu hoja hiyo ina nguvu. Uchunguzi wa kitaifa katika nchi nyingi za Afrika na Asia umeonyesha kuwa takriban nusu ya wenye kifua kikuu hawakuwa na dalili za kawaida, na picha ndiyo iliyowanasa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha hata programu za kompyuta kusoma picha hizo kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe bila kuchelewa. Ila kivuli peke yake hakithibitishi: makohozi ndiyo yanayothibitisha, kwa kuwa makovu ya kifua kikuu kilichopona hubaki kwenye pafu. Na makohozi yakiwa safi, picha ikiwa safi, bado pumu haijapimwa.

Picha basi idaiwe pale inapojibu swali: homa isiyosikia dawa, damu kwenye makohozi, kukonda, maumivu ya ghafla upande mmoja, miguu kuvimba, au mtoto aliyepaliwa na karanga na tangu hapo anapumua kwa mluzi. Hata kwa mtoto huyo picha safi haitoshi kumwondolea shaka, kwa sababu karanga yenyewe kwa kawaida haionekani. Mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo, sawa na ile ya mazingira ya siku kumi hivi. Skani ya CT huzidi hapo mara makumi kadhaa, na haifai kuombwa kwa pumu ya kawaida.

Wengine watasema vifaa vya kupima pumzi na dawa za kuvuta havipatikani vya kutosha vituoni. Hiyo ni sababu ya kuvidai. Kifaa cha mkononi hakihitaji umeme wala chumba chenye kuta za kuzuia mionzi, na mhudumu aliyefunzwa hukitumia mahali popote. Kituo cha afya chini ya Mlima Elgon hakitapata mashine ya eksirei mwaka huu. Kifaa hicho chaweza kukipata. Na mgonjwa naye, akiambiwa picha yake ni safi, aulize swali moja: pumzi yangu imepimwa?