Udongo Haujui Habari za Leo

Msomaji wa Dodoma amenitumia swali pamoja na video. Bwana mmoja wa Ufaransa amefukia bomba la mita 30 uani kwake. Mdomo mmoja unavuta hewa bustanini, mwingine unaitema sebuleni kwa feni ndogo. Agosti, jua kali, na ndani kumepoa. "Na mimi nikifukia, nitapata?" Mambo ya feni na kipenyo cha bomba nawaachia mafundi, yananichosha. Mimi nimeshikwa na udongo.

Saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, jaribu kutoka uani peku. Mchanga unaunguza. Lakini mtazame mbwa wa jirani: anakwangua shimo la shubiri moja chini ya mwembe, anajibwaga kifudifudi, anatulia. Juzi nami nilichimba hadi usawa wa kiwiko, nikatia kipimajoto chenye waya, nikafukia. Asubuhi, mchana, usiku: namba haikusogea hata nyuzi moja.

Chukua mtaa wa uswahilini, nyumba zimebanana, habari zinapita mlango kwa mlango. Mlango wa kwanza ndio uso wa ardhi. Mchana unatoka uvumi: "Joto!" Mama wa mlango wa pili anaupokea, lakini ana chungu jikoni, anauchelewesha kidogo, sehemu anabaki nayo, iliyosalia anampa wa tatu. Wa tatu naye vilevile. Kabla haujafika mlango wa tano usiku umeingia, na wa kwanza kageuza maneno: "Baridi!" Uvumi wa mchana na wa usiku unakutana uchochoroni, unafutana. Wa sita haambiwi kitu.

Habari ya msimu ni nyingine. Hiyo inarudiwa wiki hadi wiki, haina mtu wa kuikanusha, kwa hiyo inapenya hadi nyumba za mwisho. Kiasi gani? Hapa ndipo hesabu aliyotuachia Joseph Fourier, Mfaransa wa mwanzoni mwa karne ya 19, inaponipa raha: kina hufuata kipeuo cha pili cha muda. Mwaka una siku 365, kipeuo chake ni 19 na ushee, basi wimbi la mwaka hushuka mara 19 zaidi ya wimbi la siku. Katika udongo wa kawaida, wimbi la siku limeshabakiwa na theluthi tu ya nguvu zake kwenye sentimita 12 hivi. La mwaka halifiki hali hiyo mpaka mita mbili na robo.

Na linafika limechelewa. Kwenye kina hicho, karibu miezi miwili: ni mjomba wa mbali anayeangua kilio cha msiba wakati sisi tumeshasoma arobaini. Shuka mita saba hivi, mjomba yuko nusu mwaka nyuma. Kwetu kipupwe, kwake ndiyo kwanza kiangazi, ingawa kwa sauti ya kunong'ona. Yule bwana wa Agosti, basi, anapitisha hewa yake kwa watu ambao bado wanazungumza habari za Juni.

Tukiite nini chombo hiki? Wafaransa wana majina mawili: kikipasha nyumba joto ni kisima cha Kanada, kikiipoza ni kisima cha Provence. Mhariri wangu anataka "bomba la hewa". Nakataa, hilo ni la kujazia baiskeli. "Mrija" ni wa soda. Nachukua "kisima cha hewa", maana kisimani huchoti mvua ya leo. Wenye majumba wa Costozza, karibu na Vicenza huko Italia, walikuwa na visima vyao tangu karne ya 16: njia za chini kwa chini kutoka mapangoni hadi vyumbani, hewa baridi ikimiminika yenyewe kwa uzito wake. Msanifu majengo Palladio aliwataja katika kitabu chake cha 1570.

Sasa jibu. Kwetu misimu haipishani sana, kwa hiyo chini kabisa udongo unashika wastani wa mwaka. Dodoma ni nyuzi 23 hivi, na mchana wa Oktoba unapita 30. Tofauti hiyo ndiyo mali yako. Wa Dar es Salaam asiniulize. Wastani wake ni kama 26, atachimba bure. Lipe bomba mteremko ili jasho lake litoke, liwekee wavu wa mbu na panya, na ujue udongo unaolizunguka nao utachoka ukivuta hewa mchana kutwa. Ukungu ukiota ndani ni balaa. Usilifukie chini ya ua uliochomwa jua siku nzima, kwa kuwa huko udongo una joto kuliko wastani niliokutajia. Mbwa alikwenda chini ya mwembe.