Ndulu na viwanda vilivyolala Morogoro

Wachumi wa ughaibuni wakiitaja Morogoro, mara nyingi hawaongelei maji ya Uluguru wala mboga za Mgeta. Wanaongelea kiwanda cha viatu.

Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, na kwenye makaratasi mambo yalikuwa safi kabisa: viatu milioni 4 kwa mwaka, soko lote la Tanzania litoshelezwe, robo tatu ya uzalishaji iende Ulaya. Mitambo ilikuwa ya kisasa. Kuta zilikuwa za alumini, bila mfumo wa kupitisha hewa. Yeyote aliyewahi kupanga chumba cha mabati mjini hapa angewaonya bure. Kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma.

Mmarekani William Easterly, aliyekuwa mchumi wa Benki ya Dunia, alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 2001. Anasimulia vizuri, ila ukitaka kujua ugonjwa wenyewe, bora umsome Profesa Benno Ndulu.

Ndulu alizaliwa mwaka 1950, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akarudi kufundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1986 alichapisha utafiti juu ya uwekezaji na matumizi ya uwezo wa viwanda vya Tanzania. Swali lake lilikuwa la uchungu: kwa nini nchi inaendelea kujenga viwanda wakati vilivyopo vimelala?

Jibu lilikuwa kwenye fedha za kigeni. Mkopo wa nje hujenga kiwanda mara moja, lakini vipuri, gundi na dawa za kusindika ngozi huhitaji dola kila mwezi. Mfadhili hupenda kugharimia jengo, maana jengo lina utepe wa kukata. Nani amewahi kualikwa kuzindua shehena ya gundi? Na dola hazikuwapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ikafuata, mafuta yakapanda tena mwaka 1979, kahawa ikashuka. Hivyo kila kiwanda kipya kiliongeza idadi ya wanaogombania dola zilezile chache. Mtu wa Morogoro, mji uliorundikiwa viwanda miaka hiyo, hahitaji jedwali kulielewa hilo.

Baadaye Ndulu alishiriki kuujenga mtandao wa utafiti wa uchumi wa Afrika wenye makao Nairobi, AERC, ulioanzishwa mwaka 1988. Alikuwa mkurugenzi wa utafiti, kisha mkurugenzi mtendaji. Akapitia Benki ya Dunia, ileile iliyokopesha kiwanda cha viatu, na kuanzia 2008 hadi 2018 akawa Gavana wa Benki Kuu: mtafiti wa uhaba wa dola kakabidhiwa funguo za ghala. Alifariki Februari 2021.

Mwaka 2023 dola ziliadimika tena nchini na waagizaji wakarudi kwenye foleni za benki. Bado tunampima mwekezaji kwa mamilioni anayoingia nayo. Ndulu angeanza kuuliza kiwanda chake kitahitaji dola ngapi kila mwezi, na zitatoka wapi.