Wingu binafsi

Wingu binafsi ni mfumo wa kompyuta unaojengwa kwa matumizi ya taasisi moja tu, ili watu wake wahifadhi mafaili na kuendesha programu kupitia mtandao. Linatofautiana na wingu la umma, ambapo kampuni kama Amazon, Google au Microsoft hukodisha seva zake kwa wateja wengi. Mara nyingi wingu binafsi hujengwa kwa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi na kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzirekebisha na kuzisambaza.

Historia

Mwaka 2007 programu ya KVM iliingizwa katika kiini cha Linux, ikawezesha kompyuta moja kuendesha kompyuta pepe nyingi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitoa Eucalyptus. Mwaka 2010 shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Rackspace walianzisha OpenStack. Mwaka huohuo Mjerumani Frank Karlitschek alianzisha ownCloud kwa ajili ya kuhifadhi na kushirikishana mafaili. Mwaka 2016 yeye na wenzake walijitenga na kuanzisha Nextcloud.

Muundo

Wingu binafsi huwa na tabaka kadhaa:
- Vifaa: seva, diski, swichi na nyaya za mtandao wa ndani.
- Mfumo wa uendeshaji: kwa kawaida Linux, kama vile Debian au Ubuntu.
- Kompyuta pepe: husimamiwa na programu kama Proxmox VE au OpenStack.
- Huduma: kwa mfano Nextcloud kwa mafaili na kalenda.
- Usalama: nywila imara, uthibitishaji wa hatua mbili na usimbaji wa data zinaposafirishwa.

OpenStack inafaa taasisi kubwa yenye seva nyingi na mafundi wa kudumu. Shule au ofisi ndogo inaweza kutosheka na seva moja yenye Nextcloud.

Umuhimu nchini Tanzania

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na huduma za intaneti zikazorota Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Anayetumia wingu lililo nje ya nchi hushindwa kufungua mafaili yake katika hali kama hiyo. Seva ikiwa katika jengo lilelile, kazi huendelea kupitia mtandao wa ndani. Jambo hilo lina uzito zaidi katika maeneo yaliyo mbali na miji mikubwa, kama Lulindi, Masasi na Newala mkoani Mtwara.

Sababu nyingine ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Hospitali yenye kumbukumbu za wagonjwa au shule yenye taarifa za wanafunzi hujua data zake ziko wapi na nani anazifikia, mradi seva iko mikononi mwake.

Changamoto

Programu huria haina ada ya leseni, lakini wingu binafsi lina gharama. Taasisi hununua vifaa, hulipia umeme na huhitaji fundi wa kusasisha programu mara kwa mara. Umeme unapokatika ghafla data zinaweza kuharibika. Hivyo seva huwekewa betri ya akiba na kinga ya radi.

Hatari kubwa zaidi ni kukosa nakala rudufu. Diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja huokoa data diski moja inapokufa, lakini haziokoi faili lililofutwa kwa bahati mbaya, wala seva iliyoibwa au kuungua. Kanuni ya kawaida ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mfano, taasisi ya Lulindi inaweza kuweka nakala iliyosimbwa mjini Masasi au Newala. Nakala hizo hujaribiwa kwa kuzirejesha, kwa sababu nakala isiyofunguka haina tofauti na kutokuwa nayo.

Kwa sababu hizo baadhi ya taasisi huchanganya njia mbili: data nyeti hubaki katika wingu binafsi, na tovuti ya matangazo huwekwa katika wingu la umma. Mpangilio huo huitwa wingu mseto.