Servanti ikianguka, mguu njo unalipa

Siku ya posho iliyopita tulikuwa Katuba, mu lupango ya fundi mmoja ajusteri. Mchana anatumika ku kampuni moja ya sutretansi, jioni na siku ya Mungu anatengeneza pompe, grupu na pikipiki za majirani. Alitupokea akiwa amekaa, mguu wa kuume juu ya kiti kingine, umefungwa bandeji mpaka ku kifundo. Karibu yake, chini ya muembe, servanti yake nyekundu ililazwa mgongo. Ruleti tatu zilikuwa zingali mahali pake. Ya nne ilitoka, na pale ilipofungwa tole ya chini ilipasuka kama karatasi.

Bibi yake njo alitueleza habari yote, sababu yeye mwenyewe alikuwa na haya kidogo. "Nilikuwa ku jiko," akasema. "Nilisikia makelele sawa tole ya nyumba inaanguka. Kufika, baba iko chini, servanti iko juu ya mguu yake, makle yote imetawanyika. Nilijua asema mwezi huu njo umekwisha."

Vidole viwili vilivunjika. Munganga alimpa wiki tatu za kukaa nyumbani. Mkataba wake ni wa siku: usipofika, hulipwi. Na ile kazi ya jioni pia ilisimama, kwani nani atapiga magoti mbele ya pompe na mguu wa namna ile?

Tumechagua kuandika juu ya kabati hizi kwa sababu lupango kama ile ziko nyingi sana, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Tangu ile programu ya kuondoka kwa hiari ku Gécamines mwaka 2003 na 2004, ambayo ilitoa wafanyakazi zaidi ya 10.000 ku kazi, mafundi wengi walijenga atelye yao nyuma ya nyumba. Watoto wao wanaofanya sutretansi leo wanafuata njia ileile, sababu mkataba unaweza kuisha wakati wowote. Vyombo njo shamba lao la pili. Mtu akipata franka kidogo anatafuta servanti ya tirwari tano ao saba, yenye ruleti, ili vyombo viache kulala mu mifuko. Anachukua ile ya bei ya chini. Hatumcheki, hata sisi tungeichukua ile.

Servanti ya bei ya chini inakuwa na rangi nzuri, tirwari zinateleza, ufunguo unafunga. Mahali ilipopunguzwa ni pale macho hayafike: chini. Tole ya sakafu yake mara nyingi haifike hata milimita moja. Ruleti zinafungwa na visi ndogo ambazo zinashika ile tole tu. Chukua hesabu hii. Bulo ya 8, kila mzunguko wa uzi wake unapanda milimita 1,25. Kwa hiyo mu tole ya milimita 0,8 visi ya unene ule haipate hata mzunguko mmoja kamili wa kushika. Inashika kwa ukingo wa uzi, basi. Kila mara unaposukuma servanti na gurudumu linagonga jiwe, ule ukingo unakula tole kidogo. Tundu linapanuka, visi inaregea, mwenye vyombo anaikaza tena na turnevisi, tundu linapanuka zaidi. Siku moja ruleti inabaki nyuma na kabati inakwenda mbele.

Rafiki yetu wa Katuba alifanya vile watu wengi wanafanya: alinunua ruleti kubwa na nguvu zaidi, akazifunga pale pale. Pesa ilipotea bure. Ruleti haikuwa na kosa. Ukitia gurudumu la kamyo ku mkokoteni wa mbao zilizooza, mkokoteni utavunjika palepale. Kazi ya kwanza ni kutafuta kitu kinachobeba uzito mbali na ile tole.

Tulimuuliza muzee mmoja sudere, ambaye alifanya miaka mingi mu atelye za migodi kabla ya pensheni, vile yeye anafanya. Alichora mu udongo na kijiti. Anakata fremu ya kornyeri ya 40, unene wa milimita 4, ukubwa sawasawa na sakafu ya kabati. Kwa servanti ya sentimita 70 kwa 45, fremu inakula metre 2,30. Nondo moja ya kornyeri ina metre 6: inatosha servanti mbili, na metre 1,40 inabaki. Njo maana yeye anashauri majirani wawili wanunue nondo moja pamoja.

Upande mmoja wa kornyeri unalala juu, kabati inakaa juu yake. Upande wa pili unashuka chini. Ku kila pembe, chini kabisa, anasude kipande cha tole nene ya milimita 5, sentimita 12 kwa 12, na pale njo ruleti inafungwa. Kila ruleti bulo nne za 8, urefu wa milimita 25, kichwa juu na ekru chini. "Kwa nini ekru chini, muzee?" tulimuuliza. Akajibu: "Ili niione. Ekru yenye kujificha, hakuna mutu anaikaza."

Ekru yenyewe iwe ile yenye pete ya nailoni ndani, ambayo haifunguke kwa mtikisiko. Kama kenkayeri ya mtaa haina, tia ekru mbili: ya kwanza unakaza, ya pili unaifunga juu yake huku umeshika ile ya kwanza na kle ya 13 ya pili. Uzi mbili ao tatu zionekane kupita ekru. Kama hazionekane, bulo ni fupi, usidanganyike.

Kuna watu watasema: sudere yupo, grupu inawaka, kwa nini tusisude ruleti yenyewe moja kwa moja ku fremu, mambo yaishe? Tunawaomba wasifanye vile. Ruleti nyingi zimepakwa zinki. Ukichoma zinki, moshi mweupe unaotoka ukiuvuta unaleta homa na baridi ya mwili usiku ule, masudere wa zamani wanaijua vizuri. Tena moto unakausha grese mu sehemu inayozunguka, na unalainisha gurudumu la nailoni ao la mpira. Kisha, siku ruleti inaharibika, utaikata na nini? Bulo inafunguka kwa dakika tano. Hata ku kornyeri, kama ilipakwa zinki, piga meule kwanza pale utakaposude, na ufanye kazi hii inje, upepo unapita.

Kabati nayo ifungwe ku fremu. Usiiache ikae juu tu kama sufuria juu ya mbabula. Toboa matundu manne ao sita mu sakafu, karibu sana na kuta, pale tole imekunjwa na ina nguvu. Ndani utie rondeli kubwa, pana kama sarafu kubwa, ili bulo isivute tole na kupita. Kabla ya kutoboa toa tirwari ya chini, ao meshi itakutana nayo.

Asiye na pesa ya kumlipa sudere anaweza kutumia mbao. Mbao mbili za mulombwa, ao mti mwingine mgumu uliokauka, unene wa sentimita 4, upana wa 12. Moja upande wa kushoto, moja upande wa kuume, toka mbele mpaka nyuma. Bulo ipite mbao yote mpaka upande wa pili, vichwa vizamishwe ili kabati ikae sawa. Visi za mbao peke yake hapana. Kontreplake pia hapana: mvua za mwezi wa kumi na mbili zikianza inavimba, na mu mwezi wa pili inafunguka kama kitabu.

Sasa ruleti zenyewe. Ku sanduku ao ku ruleti kunaandikwa kilo ambazo moja inaweza kubeba. Watu wanachukua uzito wote na kugawanya kwa 4. Mugawanye kwa 3. Udongo wa lupango hauko sawa, na hata sima ya atelye ina mabonde, kwa hiyo mara nyingi ruleti tatu njo zinabeba na ya nne inaangalia. Servanti ya kilo 45 yenye vyombo vya kilo 120 inafika 165. Gawanya kwa 3, ni 55. Basi tafuta ruleti ya kilo 70 na zaidi, sababu namba ile ilipimwa juu ya sakafu laini, kwa mwendo wa mtu anayetembea pole. Haikupimwa mu njia zetu.

Ukubwa wa gurudumu tunausema kwa haraka: ndogo za sentimita 5 ni za ofisi. Mu lupango, tafuta 10 ao 12,5. Lakini jua asema gurudumu kubwa linapandisha kabati, na kabati iliyopanda inaanguka upesi. Njo maana ruleti ziwekwe ku pembe kabisa, zisiingie katikati. Mbili zisizogeuka upande mmoja, mbili zenye kugeuka upande wa mkono wa kusukuma, na hizi za kugeuka ziwe na freni ya mguu. Zote nne zikigeuka, servanti inakwenda kama mbuzi siku ya soko. Kabla ya kukaza bulo za mwisho, zungusha kila ruleti duara nzima kwa mkono, uone kama haigongi fremu wala ekru.

Hapa tulimuuliza rafiki wetu namna alivyopanga vyombo vyake. Alinyamaza, akacheka. Nyundo ya kilo 5, palan na makle makubwa vilikuwa tirwari ya juu, "sababu njo navitumia sana." Siku ile ya ajali alifungua tirwari mbili za juu pamoja, akavuta servanti kuja kwake. Ruleti ya mbele ilipotoka, uzito wote ulikuwa tayari mbele. Servanti za bei ya juu zina kifungo kinachozuia tirwari ya pili kufunguka wakati ya kwanza iko wazi. Zetu hazina. Kwa hiyo kifungo ni kichwa chako: uzito chini, tirwari moja moja, na ukiihamisha, funga tirwari zote na ufunguo, isukume toka nyuma. Usiivute. Yenye kuvutwa inaangukia mvutaji.

Na watoto. Mtoto wa miaka mitatu akiona tirwari wazi, kwake ni ngazi. Mama wa nyumba ile alituambia mdogo wao alikwisha kupanda mara mbili kabla ya ajali. Freni ifungwe na ufunguo utoke, hata kama unakwenda kunywa maji tu.

Jambo la mwisho muzee sudere alilotuonyesha, wale wa karyeri watalifahamu mara moja. Ku magurudumu ya makamyo makubwa kunakuwa vishale vidogo vya plastiki juu ya kila ekru, vinaangaliana. Kishale kimoja kikigeuka, ekru imeregea, hata shofere ataiona bila kushika kle. Yeye anachukua rangi nyeupe na kupiga mstari mmoja unaopita juu ya ekru na kushuka ku tole ya ruleti. Mstari ukikatika, ekru imetembea. Anakaza yote tena kisha wiki moja ya kazi, sababu rangi ya fremu inajikandamiza na bulo inapata nafasi. Kisha pale anaangalia mstari tu, kila siku ya posho, wakati wa kufagia.

Tulirudi Katuba siku ya tatu. Mtoto wa kwanza wa nyumba, mwanafunzi wa mekanike mwaka wa nne, alikuwa amekwisha kukata kornyeri pamoja na jirani, baba anaongoza toka ku kiti. Walilaza servanti mgongo juu ya blanketi ya zamani, tirwari zimefungwa kwa kamba. Tole iliyopasuka waliinyoosha na nyundo, wakaifunika na kipande kingine. Ruleti tatu za zamani zilikuwa zingali nzuri. Ya nne walinunua moja peke yake, na kijana alitaka kuitia bila kupima. Baba akamzuia: urefu wake ulipita zingine kwa milimita 6. Walitia rondeli chini ya zile tatu mpaka zikalingana, na bulo zao wakabadilisha kwa ndefu zaidi.

Saa kumi na moja waliisimamisha. Mama alisukuma kwanza, kwa mkono mmoja, toka muembe mpaka ku mlango, na kurudi. Kisha akauliza kama ile metre 1,40 ya kornyeri iliyobaki ni ya nani, sababu sanduku lake la unga ku soko ya Kenya nalo lina ruleti mbili zinazocheza. Jirani alisema ni yake. Tulipoaga walikuwa bado wanajadili.